Droo ya O

Niliporudi kutoka kozi ya kompyuta ng'ambo, nilijiona mimi ndiye akili ya Nairobi nzima. Ofisi yetu hapa mjini ilipeleka vifurushi vya watu Kisumu, na makarani walitafuta jina la mteja kwa kufukua kabati. "Nyinyi ni panya," niliwaambia hivyo hivyo.

Nikaandika programu. Ndani ya mashine nilitenga droo moja kwa kila herufi. Ukitaja jina, inaruka moja kwa moja hadi droo ya herufi yake ya kwanza, haisumbuki na nyingine. Niliijaribu kwa majina ya Wazungu niliyonakili kutoka kitabu cha kozi. Kufumba na kufumbua, jibu! Nikavaa tai, mpumbavu mimi, nikawaita wote washuhudie.

Meneja wetu, Mzee Kamau, akasema, "Nitafutie Onyango."

Nikabonyeza. Mashine ikanguruma. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, bado inanguruma. Droo nyingine zilikuwa karibu tupu. Kina Otieno, Okello na Opiyo walirundikana wote katika ile moja ya O, na mashine yangu ya ajabu inawafukua mmoja mmoja, kama panya.

"Lakini nani hajui majina ya wanaume wa Kisumu ni O tupu?" karani mmoja akauliza.

"Labda mgeni," Mzee Kamau akajibu, kisha akanigeukia. "Kijana, hebu wakumbushe, jina lako nani vile?"

Makarani wakasogea wasikie vizuri.

"Owino," nikasema.