Siku Mama Alipojifanya Bubu

Juzi Kariakoo nilimwona mtoto wa sare kamng'ang'ania mama yake, hataki shule, na harufu ya dagaa ikanirudia puani.

Mimi nami utotoni niligoma shule, sikutaka kuachana na mama pale kwenye meza yake ya dagaa. Mchana mmoja akajifunga kanga shingoni, akaninong'oneza, "Leo mimi bubu. Wateja ongea nao wewe."

Nikadhani ananiadhibu, nikanuna nyuma ya gunia. Mteja mmoja, mama alipomjibu kwa ishara, akacheka, "Na wewe binti ni bubu?"

Kwa hasira nikapayuka, "Dagaa wakavu, hawana mchanga."

Mama akajifuta macho; nikadhani ni vumbi. Kumbe ugonjwa ulikuwa unamla koo, na alijua haponi.

Alipofariki nikaishika meza yake; darasani sikurudi. Duka ninalo, sikumwomba mtu. Sokoni wananisifu sauti. Ya mama siikumbuki.