Vitambaa Saba vya Shingo ya Gitaa

Niliporudi mtaani Jericho kwa Mama, mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Haikutetemeka sana, mtu asiye makini angedhani nimekunywa kahawa nyingi. Siku nne kabla ya hapo, mbele ya watahini watano, nilikuwa nimeulizwa swali moja kuhusu tasnifu yangu: kwa nini nilichagua kaya hizi na si nyingine? Nilijibu kwa dakika kumi na moja. Nilipomaliza, mtahini mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniuliza swali lile lile. Ndipo mikono ilipoanza. Kazi ilirudishwa kwa marekebisho makubwa.

Mama hakuuliza mengi. Alinipakulia ugali na sukuma, akaningoja nishibe, kisha akanijulisha kwamba mpiga gitaa wa kanisa amesafiri kwenda kwao Bungoma, na kwamba yeye amekwisha kusimama mbele ya waumini na kutangaza kuwa Jumapili nitapiga mimi.

"Mama, mikono yangu..."

"Nimeshatangaza."

Gitaa langu la umeme lilikuwa juu ya kabati tangu shahada ya kwanza. Nililishusha, nikalipangusa vumbi, nikagundua kwamba vanishi ya shingo yake imelegea kwa jasho la miaka na sasa inanata. Mkono unaotetemeka huenda ukasamehewa. Mkono unaotetemeka huku umenata mahali pamoja haufiki popote. Ilinibidi niiondoe vanishi ile, niipake shingo mafuta ya mbao, nayo ikauke kabla ya Jumapili.

Mtu mwingine angeianza kazi hiyo Jumatatu. Mimi Jumatatu nilisoma, nikajaza kurasa tisa za daftari. Jumanne asubuhi nilinunua msasa wa aina tatu na mafuta ya kitani, ambayo mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyamimina kutoka kwenye mtungi hadi kwenye chupa ya soda.

"Ni ya mlango?"

"Ni ya gitaa."

Alinitazama kidogo. "Haya, mlango."

Nilifanyia kazi barazani. Jirani yetu, Mkamba achongaye twiga wa kuuzia watalii, alisogeza kigoda chake ili anione vizuri.

"Profesa, hiyo unaipaka mafuta ama unaikanda mgongo?"

"Tabaka moja jembamba kila siku, Mzee. Nangoja robo saa, nafuta yaliyobaki, kesho narudia."

"Mimi twiga nampiga rangi ya viatu. Jioni yuko kwa ndege."

Nilimweleza tofauti kati ya mafuta yanayozama ndani ya mbao na rangi inayokaa juu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia moyo, kisha akauliza kama nina rangi ya viatu ya kumwazima.

Kufikia Alhamisi nilikuwa na vitambaa saba, nilivyokata kutoka kwenye fulana kuukuu ya chuo: kimoja cha kupaka na kimoja cha kufuta, kwa siku tatu, pamoja na kimoja cha majaribio. Sasa, nilikuwa nimesoma kwamba vitambaa vyenye mafuta ya kitani, vikirundikwa pamoja, vinaweza kupata joto vyenyewe hadi viwake. Kwa hiyo sikuthubutu kuvitupa. Nilivianika kwenye kamba ya nguo ya uani, tunayoitumia pamoja na majirani, kwa nafasi sawa nilizozipima kwa rula. Chini ya kila kitambaa niliweka mkebe wa maji. Katikati nikabandika karatasi: USIGUSE.

Ijumaa niliamshwa na sauti za akina mama. Nilipotoka nilihesabu bila kutaka: walikuwa watano.

"Vitambaa saba," alisema yule wa mbele, mama kutoka Kakamega anayeuza mitumba sokoni, ambaye pia huongoza akina mama kanisani. "Saba, na kila kimoja na maji yake! Mama Profesa, sisi huomba pamoja. Haya ni maombi ya nani?"

Mama alinigeukia. Nilielewa: hawa wasiporidhika, Jumapili sitasimama madhabahuni, na aibu haitakuwa yangu bali ya aliyetangaza.

Nikaanza na asili ya mmea wa kitani.

"Kijana," alisema wa pili, "fupisha. Tuna sufuria jikoni."

"Ni mafuta ya gitaa. Vitambaa vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe."

"Bila kiberiti?"

"Bila kiberiti."

"Waah! Vinawaka bila kiberiti, na bado unatuambia si uchawi?"

Wakaagiza gitaa liletwe. Lilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akiipapasa shingo yake. "Inateleza kama mtoto aliyetoka kuoga," alikiri wa nne, kwa shingo upande.

Kisha wa tano, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Mimi nina swali moja tu. Kama vinaweza kuwaka, mbona umevianika kando ya nepi za mtoto wangu na si kule ukutani?"

Nilifungua kinywa. Dakika zote kumi na moja zilikuwa zimejipanga ulimini, tayari. Nikatazama nepi, nikatazama ukuta.

"Sijui," nilisema. "Sikufikiria."

Hakuna aliyevua miwani.

"Basi hamisha," alisema. "Na hizi nepi zinanuka mafuta yako, kama samaki. Utazifua."

"Jumapili atapiga," alihitimisha mama wa Kakamega, akiniachia gitaa. "Lakini nepi kwanza."

Nilifua nepi kumi na mbili. Kwa kadiri ninavyoelewa taratibu, hayo yalikuwa marekebisho madogo.

Jumapili mikono ilitetemeka kuliko siku zote. Ila sasa haikunata: iliteleza juu ya shingo, na kila noti niliyoishika ilitetemeka pamoja na kidole changu, ikalia kama mtu anayeimba huku analia. Akina mama wakainuka. Leso zikapeperushwa.

Mlangoni, mchongaji wa twiga alinishika bega. "Profesa, kule kutetemesha nyuzi ulijifunzia wapi?"

"Chuo kikuu," Mama alimjibu kabla yangu, kifua mbele.

Nami, ambaye husahihisha hata matangazo ya mazishi, sikuona cha kurekebisha.