Mlinzi wa Bwawa ni Wifi Yangu

Leticia huyu mnayemwona na mabuti ya mpira na filimbi shingoni, anazunguka bwawa la Mikuyu kama kaachiwa urithi, ni wifi yangu. Aliolewa na mdogo wangu Amedeus, Mungu amrehemu, mwaka ule wa mafuriko makubwa hapa Lupiro, kambale walipopanda hadi kanisani na mmoja akakaa benchi la mbele, padri akamhesabu na waumini. Anayebisha alikuwa hajazaliwa.

Alitoka Mchombe, kwenye mpunga. Samaki alimjua akiwa kwenye sahani tu. Mimi nimekulia majini. Baba alinifundisha kusuka mgono, ule mtego wa fito ambao samaki akiingia hatoki, kwa sababu watoto wa kiume walichelewa kuja. Nasuka kwa mkono wa kushoto. Mgono wangu mmoja ulishika mamba, nikamwachia kwa kuwa aliona haya.

Leticia alifiwa mapema. Akalea watoto wanne kwa kukaanga samaki kando ya barabara, na siku zote hizo sijamsikia akimtukana mtu. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote. Unamchokoza, anacheka.

Basi samaki wakapungua. Watu walikuwa wanakokota vyandarua, wanakomba hata vifaranga. Kijiji kikakaa, tukakubaliana kwamba bwawa la Mikuyu, ambako samaki wanazalia, lifungwe toka mvua zinapoanza mpaka mwezi wa saba. Atakayetega humo kwa siri hatashiriki ule uvuvi wetu wa pamoja siku ya kufungua. Na achaguliwe mlinzi, ambaye siku hiyo atatia mgono wa kwanza. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa mbele kabisa. Wakamchagua Leticia.

"Hongera, wifi," nikamwambia. "Ila mabuti yamekupwaya."

"Nitavaa soksi mbili, wifi."

Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Kila nikisikia ile filimbi, nasukuma sahani pembeni. Jumapili moja, yeye yuko misani, nikaenda kutega mgono wangu bwawani, kwenye matete. Sikuwa na shida na samaki. Nilitaka uonekane, watu waseme mlinzi gani huyu anategewa chini ya pua yake.

Ukaonekana. Gaudensi, mwenyekiti wa kamati ya uvuvi, akauleta mkutanoni ungali unachuruzika.

"Mwenye mgono huu asimame."

Nikainamia vidole vyangu vya miguu. Leticia alikuwa anautazama. Fito zake zimezungushiwa kushoto, na yeye kakaa barazani kwangu miaka thelathini ananiangalia nikisuka. Nikajua nimekwisha. Ule uvuvi wa mwezi wa saba sijaukosa tangu nina meno ya utoto, na sasa nitausikilizia nyumbani.

Leticia akasimama. "Ni wangu, mwenyekiti. Nilitaka kuona samaki wamefikia ukubwa gani, halafu niwaachie. Nisameheni, sikuaga."

Nikashusha pumzi. Ningeondoka saa hiyohiyo, ningekuwa salama mpaka leo.

"Sasa huyu ndiye mlinzi," Gaudensi akasema. "Anafuatilia mpaka ukubwa wa samaki."

Margareta, jirani yangu, akaushika mgono akaugeuzageuza. "Na alivyousuka, jamani. Mama huyu tulikuwa naye hatumjui."

Mzee Fulgensi naye akapapasa mdomo wa ule mgono. "Tangu marehemu Kelestini afe, sijaona mkono kama huu."

Kelestini ni baba yangu. Baba yangu mimi.

Nikasimama. "Huo mgono ni wangu. Nimeutega mimi, kwa wivu wangu, na nimeusuka mimi. Leticia hawezi kusuka hata kata ya kichwani."

Leticia akakuna shavu. "Hiyo ni kweli," akasema. "Siwezi."

Kwa hiyo mwezi wa saba nilikaa nyumbani. Kelele za bwawani zilifika mpaka uani, nikapepeta mchele uleule mara tano. Mchana Leticia akaja, mgono wangu begani, ndani kuna kambale wawili wanene.

"Nimeanza na huu, wifi. Kamati ilitaka fito ziachane vidole viwili, watoto wa samaki wapate kutoka. Nikaziachanisha. Usinipige."

"Umeziharibu," nikasema, ingawa alizipanga vizuri. "Na watu walisemaje?"

"Waliuliza fundi yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani, ananuna."

Nikamwambia avue hayo mabuti, anachafua baraza. Akavua, akaenda nyuma ya nyumba kunawa miguu. Nikachungulia, sikuona mtu. Nikayavaa.

Yananienea barabara, bila soksi hata moja.