Bunduki Kwenye Sauna ya Dolly

Lempi Rautio alikuwa na wivu kabla hajapata mume wa kumwonea wivu. Tulipokuwa wasichana alimnunia dada yake kwa sababu paka aliamua kulala kitandani kwa dada. Kwa hiyo alipoolewa na Eldon tulimhurumia Eldon, ingawa, Mungu anisamehe, hakuwa mwanamume wa kugombaniwa. Masikio yake yalitangulia kuingia mlangoni, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kijiko cha chai. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kukwangua theluji barabarani, na huku kwetu kaskazini mwa Michigan kazi hiyo ni kukaa peke yako nusu ya mwaka. Lempi alisema ndiyo maana alimkubali. Ndani ya gari lile hakuna mwanamke wa kumpata.

Ujanani Eldon alipelekwa vitani Vietnam, na tangu wachumbiane alimwambia Lempi kwamba kule alikuwa mpishi. Basi hilo likawa utani wa nyumba. Lempi mwenyewe ni mpishi, mimi na yeye tulipika pamoja katika shule ya hapa, na kila Eldon alipounguza mayai alimwambia, "Sasa naelewa kwa nini mlishindwa." Eldon alitabasamu akala mayai yake.

Vuli moja duka la vifaa la mjini lilipokea kasha la bunduki kuukuu za jeshi la Urusi, zile ndefu za mti na chuma zilizokaa ghalani tangu vita vya baba zetu. Wanaume walizizingira kama sisi tunavyozingira masufuria mnadani. Eldon, ambaye hanunui hata soksi bila kumuuliza mkewe, alizitoa moja moja, akachungulia mitutu, akainua moja hadi begani na kuishusha haraka. Akainunua hiyo, akaileta nyumbani ndani ya blanketi.

Ilikuwa imejaa grisi nzito ya kahawia, nje na ndani. Eldon aliifungua vipande vipande uani, akaisugua kwa mafuta ya taa na matambara, akapitisha fimbo kwenye mtutu mpaka mikono ikamwuma. Ikang'aa. Kesho yake, ilipokaa karibu na jiko, mti wote ulitoka jasho la grisi upya. Dukani wakamwambia mti umeshiba na hakuna dawa ila joto kali, itapike yenyewe. Eldon akageuka akaitazama sauna yao, kile kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba.

"Hata usifikirie," Lempi alisema.

"Mara moja tu, mama."

"Baba yangu aliijenga ile kwa mikono yake. Mama alinizaa juu ya ubao wa mle ndani. Leo uniletee uchafu wa Warusi niukalie? Hiyo ikiingia, mimi natoka, na sijui nani atakupikia."

Eldon hakubishana. Huwa habishani, na hapo ndipo watu wengi humkosea, wakidhani amekubali.

Jumamosi kwetu, wajukuu wa Wafini, ni siku ya sauna. Mume na mke huingia pamoja, wakitoka wanakunywa kahawa wakiwa wekundu kama nyanya. Jumamosi hiyo Lempi aliwasha kuni, akaandaa taulo mbili. Saa kumi na moja Eldon akashuka kwenye gari lake, nywele zimelowa, uso umeiva. Lempi akamwambia maji yako tayari.

"Nimeshaoga," Eldon alisema.

Huenda kwingine neno hilo ni la kawaida. Kwetu, mume wa mtu akilitamka Jumamosi jioni, heri angerudi na rangi ya mdomo shingoni.

Jumatatu jikoni shuleni Lempi aliukanda unga wa pai mpaka nikauhurumia.

"Umemuuliza ameoga wapi?" nilisema.

"Nimuulize ili aniambie?"

"Ndiyo kazi ya kuuliza, mwenzangu."

"Mimi siulizi. Mimi nitajua."

"Labda aliogelea ziwani na wazee."

"Mwezi wa kumi, na baridi hii? Na anarudi ananukia sabuni ya misonobari? Nyumbani kwangu hakuna sabuni ya misonobari." Akaligonga donge mezani. "Nikimjua huyo mwanamke nitamng'oa nywele. Naapa."

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Katikati ya wiki mtu akaropoka kwamba gari la Eldon lilionekana kwa Dolly Sarvela. Dolly alikuwa mjane wa Rudy, naye Rudy alipigana vita vilevile. Mwanamke mpana, anatengeneza injini za boti, akicheka unamsikia ng'ambo ya ziwa. Lempi hakuwahi kumpenda, kwa sababu siku ya mazishi ya Rudy, Eldon alimshika Dolly mkono kwa muda ambao Lempi aliuona mrefu.

Jumamosi iliyofuata akaja kwangu ameshavaa koti. "Nipeleke," alisema. "Mimi nikiendesha kwa hasira hii nitaua mtu njiani kabla sijafika."

Tulilikuta gari la Eldon uani kwa Dolly, na moshi unatoka kwenye bomba la sauna. Lempi hakubisha hodi. Alivuta mlango wa sauna kwa mikono miwili, nami nikiwa nyuma yake nikiomba Mungu wawe walau na taulo.

Hapakuwa na mtu. Juu ya ubao wa juu, pale anapokaa mgeni wa heshima, bunduki ilikuwa imelazwa peke yake juu ya matambara, inachuruzika grisi tone kwa tone kwenye sinia la kuokea.

Nilikaribia kucheka. Kumbe mzee wa watu ameileta kuitoa jasho, na kwa kuwa kwetu hakuna mwendawazimu anayeacha sauna ya moto ipoe bure, ikishatolewa anaoga. Nikamgusa Lempi begani ili twende zetu. Hakusogea. Alikuwa anasikiliza.

Sauti ilitoka nyuma ya kibanda, kwenye lundo la kuni. Ilikuwa ya Eldon, na ilikuwa inaongea bila kusimama. Sijawahi kumsikia akiunganisha sentensi tatu, na pale alikuwa anamwaga maneno kama bomba lililopasuka. Alisema bunduki ya aina hiihii, iliyofyatuliwa kutoka juu ya mti, ndiyo iliyompiga mwanajeshi mwenzake, Garnett, aliyekuwa amelala ubavuni mwake. Alisema alishinda pale hadi jua likazama, hawezi kuinua kichwa, na Garnett alikuwa bado anamwomba maji. Dolly hakusema kitu. Mpishi gani huyo? Hakuwahi kushika mwiko kule.

Lempi alizunguka kibanda. Walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye gogo lake, wamevaa makoti yao, hatua kadhaa kati yao. Afadhali angewakuta wamekumbatiana. Hapo, naapa, angejua la kufanya; sasa nilimwona usoni kwamba hajui.

"Mpishi," alisema.

Eldon alisimama. "Mama."

"Miaka yote hii nimeolewa na mpishi. Na mwanajeshi, nani kaolewa naye? Huyu Dolly?"

"Lempi, kaa," Dolly alisema.

"Wewe usiniambie nikae. Eldon, kwa nini yeye?"

Eldon alifikiri, kwa sababu ni mtu wa kweli hata pale uongo ungemwokoa. "Hakuniuliza kitu," alisema.

Lempi aliingia ndani, akaivuta bunduki ikiwa ya moto kwa taulo la Dolly, akaipakia kwenye gari langu. Viti vyangu vina doa mpaka leo. Jioni ile ikalala kwenye ubao alipozaliwa yeye, kuni akatia mwenyewe, na grisi ikachuruzika kwenye kazi ya baba yake. Aliipangusa kwa kitambaa cha jikoni bila kununa.

Jumapili tukaenda kwenye shimo la kokoto. Eldon alisimamisha kopo, akalipiga komeo la bunduki kwa kiganja maana lilikuwa gumu, akatia risasi, akainua. Mtutu ukaanza kutetemeka. Alishusha, akainua tena, akashusha.

"Lete," Lempi alisema.

Hajawahi kupiga bunduki. Mlipuko ulitoa moto mrefu, kitako kikamsukuma hatua mbili nyuma, kopo likabaki limesimama. Alishika bega, machozi yanamtoka.

"Ikaze begani, mama," Eldon alisema, akamshika kiwiko kumwonyesha. Lempi akapiga tena, akakosa tena, akatukana kwa Kifini cha bibi yake. Eldon akacheka. Kisha akaichukua kutoka mikononi mwake na kupiga mara moja, kopo likaruka. Aliiweka chini polepole akakaa kwenye kokoto.

Risasi kuukuu huacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo nyumbani walimimina maji ya moto ya sauna ndani ya mtutu, wakaukausha, wakaupaka mafuta. Baadaye, walipokaa kwenye mvuke, Lempi akamwomba. Hii aliniambia yeye. Alimwomba kwa upole, bila kuuliza swali, amwambie habari za Garnett.

Eldon alimwaga maji juu ya mawe. Halafu akasema, "Ilitoka mara moja. Nimejaribu. Haitoki tena."

Wiki ikapita Lempi hali vizuri. Alikuwa na mume, ana bunduki, ana sauna yake na sabuni yake, na kitu kimoja tu alichokitaka kilikuwa kwa mwanamke mwingine. Ijumaa baada ya kazi akaniambia nimpeleke kwa Dolly. Nikamwambia sitaki damu garini, grisi inatosha.

Nilisubiri nje. Dolly alifungua mlango, mikono myeusi ya mafuta ya injini. Lempi akamwambia kitu kifupi. Dolly akatikisa kichwa kukataa; baadaye Lempi aliniambia alijibiwa kwamba mambo ya Eldon haambiwi mtu. Lempi akasema kingine, kwa sauti niliyoisikia mpaka garini: "Mimi si mtu. Mimi ni mke wake." Dolly alimtazama, kisha akasogea kando, Lempi akavua viatu akaingia.

Alitoka kukiwa kumeshaanza giza. Alikaa kwenye kiti chenye doa, akafunga mlango, nami nikaendesha mpaka barabara kuu.

"Amekuambia yote?" nilisema.

"Yote. Mpaka jina la mama yake Garnett. Mpaka pale Eldon aliposita, naye alisita." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi ningemkatiza, mwenzangu. Pale Garnett alipoomba maji, ningemkatiza."