Rundo la Miguu ya Kushoto

Ukitaka kumuudhi Mama Ratiba, mwambie kitu kiko tayari. Katika kiwanda kile cha viatu neno hilo kila mtu alikuwa na lake. Kwa mkataji, tayari ni ngozi iliyokatwa. Kwa washonaji, ni iliyoshonwa. Kwa wabandika soli, ni inayonuka gundi. Mteja, maskini, hudhani tayari ni kiatu cha kuvaa. Mama Ratiba ndiye aliyepanga nani afanye nini na lini, na kuhakikisha kazi zilizoishia njiani, walizoziita viporo, hazijazani mpaka watu wakose pa kupita.

Mkataji alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mtu wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ndiye aliyemtafutia kazi pale alipofiwa, na wanawe aliwalea kama wa kwake. Rundo la ngozi likimfika kifuani hujigamba, "Shemeji, leo nimewazika washonaji wako!" Mama Ratiba naye hucheka na kumsifu. Nani asiyependa kuona rundo?

Siku moja lori la shule lilikuwa lije jioni kuchukua viatu vya wanafunzi. Washonaji walikuwa wakihangaika, lakini wanaopanga viatu kwenye maboksi wamekaa tu, mikono mapajani. Mama Ratiba akachambua viporo meza kwa meza mpaka kwa mkataji. Vyote vya mguu wa kushoto! Kugeuza kiolezo cha kukatia kunachelewesha, kwa hiyo shemeji aliamua kumaliza kushoto kwanza, kulia kutafuata. Na ngozi nyeusi ilikuwa inaelekea kwisha.

"Shemeji, hao wanafunzi wana miguu mingapi?"

"Kulia kunakuja. Pupa ya nini?"

"Kunakuja kwa ngozi ipi? Weka kisu chini."

Washonaji wakainua vichwa. Shemeji akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Ni kweli. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikusifia marundo. Kosa ni langu. Lakini weka kisu."

Mama Ratiba aliogopa. Aliogopa lori kuondoka tupu, na zaidi aliogopa wanawe kuuliza mbona baba mkubwa haji tena nyumbani.

Kisu kikawekwa. Mpaka jioni shemeji alikata vya kulia tu, kidogo kidogo, kwa saizi walizoitisha washonaji, bila mzaha hata mmoja. Lori liliondoka halijajaa, ila kila kiatu kilikuwa na mwenzake, na mwalimu aliyekuja nalo akakubali kuzifuata pea zilizobaki. Shemeji alitoka bila kuaga.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Kisu amekilaza kando, ngozi mpya imekunjuliwa mbele yake, haijaguswa. Mtu huyu hakuwahi kumwomba yeyote ruhusa.

"Shemeji," akasema taratibu, "nikate?"

Mama Ratiba akageuka kuwaangalia washonaji. Viporo vya jana vilikuwa bado vinawatosha. Afadhali shemeji angenuna, afadhali angemtukana mbele ya watu.

"Bado," akajibu.

"Haya."

Shemeji akavuta kigoda akaketi, hajui mikono yake aiweke wapi.