Siku Fidelis Alipoondoa Matawi

Vitunguu vikimwagwa kwenye mafuta ya moto, mimi hutoka jikoni. Mume wangu anadhani ni moshi unaoniumiza macho, nami namwacha aendelee kudhani. Ninyi nitawaambia ukweli. Mchachato ule ule niliusikia kwenye majani mabichi kijijini kwetu, milimani juu ya Mlali, nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Na aliyeuleta bado yu hai, tena amenenepa.

Umeme ulikuwa bado mgeni kwetu. Masika yakianza, upepo ulishuka kutoka mlimani ukivuma na kuezua mabati, na nguzo zikainama. Tulirudi kwenye vibatari bila kulalamika, kwa kuwa hatukuwa tumevisahau. Alasiri moja mti wa mgrivea uliangukia waya, waya ukakatika na kulala kwenye nyasi, ukivuka njia ya kwenda mashineni kusaga nafaka.

Mama alikuwa mkulima wa kabichi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu bonde la pili. Alishika panga, akakata matawi mabichi na kuyatandaza njiani, huku na huku, mbali kabisa na waya. Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua maana yake: mbele kuna hatari, rudi. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa kijiji, naye akawapigia mafundi wa umeme. Jibu likaja kwamba mtu asisogee mpaka wafike, na barabara imejaa matope.

"Umeme si umekatika, mama?" niliuliza.

"Umekatika kwenye taa yako. Ndani ya waya hujui kuna nini. Ukiuona chini, uuogope hata kama umenyamaza."

Mwenye mashine alikuwa Fidelis. Alikuwa na mashine ya umeme na nyingine ya dizeli, na siku za giza ndizo zilizokuwa sikukuu zake, maana watu wa vijiji vya jirani nao walimjia yeye. Asubuhi iliyofuata alingoja wateja, hakuona mtu. Akapanda njia, akakuta matawi ya mama, akayasukuma yote mtaroni kwa mguu. Sisi tulikuwa shambani juu, tukimtazama.

"Fidelis! Acha hayo matawi!"

"Waya umekufa huu, mama Paska! Mnaogopa mzoga?"

Mama alitupa jembe, tukaanza kuteremka. Ndipo dada yangu Paskalina akatokea kwenye kona, ndoo ya mchele kichwani, akiimba. Alikuwa amelala kwa mama mdogo Mlali, hakujua lolote, na njia ilikuwa nyeupe. Mama alipiga kelele. Paskalina akadhani anaitwa, akaongeza mwendo. Na wakati huohuo, huko kwenye kituo cha umeme, wakawa wameurudisha.

Nyasi zilichachatika. Dada hakuugusa waya hata kidogo. Kuukaribia kwenye ardhi iliyolowa kulitosha. Alianguka na mchele ukamwagika. Nilitaka kumkimbilia, mama akanikamata kiunoni. Nilimpiga mateke, nikamng'ata mkono mpaka damu, hakuniachia. Kitu kikalipuka huko chini, nyasi zikanyamaza, bado akanishika. Aliniachia pale tu mwenyekiti alipofika na kupaza sauti kwamba mafundi wamethibitisha kwa simu kuwa umeme umezimwa. Miaka mingi nilimhesabu mama kuwa na moyo wa jiwe kwa dakika zile. Leo nina watoto, najua alikuwa anachagua kubaki na mmoja.

Paskalina alipona. Mguu wa kulia ulibaki bila vidole, na ngoma za mavuno, alizokuwa akizipenda kupita chakula, zikaishia hapo. Fidelis alituletea jogoo, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilimchukia yeye na jogoo wake.

Mwaka uliofuata mama yake Fidelis alifariki. Ukoo wetu na wao ni watani, na kwetu mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Jeneza lilipotoka, tulimkuta mama amelala katikati ya njia ya makaburini, amejifunika matawi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ondoa matawi, Fidelis!" alipaza sauti. "Si ndiyo kazi yako? Piga teke! Au leo umeogopa mzoga?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fidelis alipiga magoti kwenye tope na suti yake nyeusi, akaomba njia kama mtoto, akitabasamu kwa lazima. Mama alimweka pale mpaka wabeba jeneza wakabadilishana mabega. Nilicheka kuliko wote. Nilihisi tumelipiza, na utamu wa siku ile ninao mdomoni mpaka sasa.

Lakini utani ukishatolewa, neno limekwisha. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kumtaja Fidelis kwa ubaya. Tulikuwa tumecheka, basi. Tukaendelea kumpelekea mahindi, akaendelea kutusalimia kwa furaha. Ilinichukua mpaka utu uzima kuona kwamba kicheko chetu ndicho kilichomwachia huru, tena kwa bei ya suti kuchafuka.

Juzi nilimuuliza Paskalina kama anaikumbuka siku ile ya mazishi. Akaniambia anaikumbuka vizuri, alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, akingoja mtu amuulize yeye kama imetosha.