Lori la Matawi la Kwenda Mofu

Jumamosi, 14 Juni 1997. Asubuhi ukungu, baadaye jua la upole.

Niliwaahidi watoto na mama yao safari ya Mofu wakaone viboko, na nauli sikuwa nayo. Hapa Mlabani likapita lori lililofungwa matawi mabichi mbele. Nikadhani ni harusi, nikalipungia. Kusema haki, dereva aliuliza tu kama tunakwenda Mofu. Kosa ni langu.

Tukapanda. Watu walikuwa kimya, nikaona niwachangamshe. Watoto wakaimba. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Ninyi wa upande upi, baba?"

"Upande wa pilau, mama. Na mwenye shughuli asipotushibisha, tutamwamsha atupikie."

Wakacheka kidogo, nikazidi kunoga.

Tulipoingia Mofu wanawake wakaanza kulia. Lori lilikuwa la msiba.

"Shuka, mtani, ukashike jembe," akasema yule mama. "Kabila gani vile?"

Mtani huruhusiwa kutania hata msibani, na ndivyo walivyonichukulia. Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Mpogoro."

"Marehemu naye Mpogoro. Sasa utani huo kakupa nani?"

Mke wangu alikuwa ameshafunga kanga kiunoni, anapepeta mchele na wenyeji, wala hakuna aliyemwita. Yule mama akamtazama, akanigeukia taratibu. "Kachimbe hivyo hivyo. Watoto waache, marehemu alipenda nyimbo."

Viboko hatukuwaona. Jioni tulikula wali na maharage ya msibani, wanetu wakapakuliwa kwanza.